Kusoma Vipimo vya Vimeng'enya vya Ini: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Ini na Nyongo Wilayani Igunga

Karatasi ya majibu ya vipimo vya ini huwa na safu mbili za tarakimu, moja ikiwa matokeo ya mgonjwa na nyingine mipaka ya kawaida, na mara nyingi alama ya mshale ulioelekea juu humtia hofu mwenye karatasi kabla hajaketi mbele ya daktari. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mgonjwa wa ini au nyongo wilayani Igunga, kwa ndugu anayemuuguza, na kwa mhudumu wa zahanati anayelazimika kuamua kama mgonjwa asubiri au apewe rufaa. Jambo kuu linaloshikiliwa humu ni kwamba vimeng'enya huonyesha madhara yanayotokea na upande yanakotokea, lakini havipimi nguvu iliyobaki katika ini. Kwa hiyo tarakimu kubwa si lazima iwe ugonjwa mkubwa, na tarakimu ya kawaida si uthibitisho wa uzima.

Vimeng'enya vinavyopimwa

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli, na kiasi kidogo chake huwamo katika damu wakati wote kwa sababu seli huzeeka na kufa kila siku. Seli zinapoumia kwa wingi, kiasi hicho hupanda. Cha kwanza ni alanini aminotransferasi, kinachoandikwa ALT, ambacho hupatikana hasa ndani ya seli za ini na kwa hiyo ndicho kielelezo kizuri zaidi cha kuumia kwake. Cha pili ni aspartati aminotransferasi, yaani AST, ambacho kimo pia katika moyo, misuli na chembe nyekundu za damu, hivyo kupanda kwake pekee hakutoshi kulishitaki ini. Baadhi ya maabara bado huchapisha majina ya zamani, SGPT kwa ALT na SGOT kwa AST, yaliyozoeleka tangu miaka ya 1950, wakati Arthur Karmen, Felix Wróblewski na John LaDue walipoanza kuvipima vimeng'enya hivyo katika damu ya wagonjwa wa moyo, kisha wa ini, jijini New York.

Cha tatu ni fosfatasi alkali, yaani ALP, ambacho hukaa kwenye kuta za mirija midogo ya nyongo, lakini pia kwenye mifupa, utumbo na kondo la nyuma la mjamzito. Cha nne ni gama glutamili transferasi, yaani GGT, ambacho hakitoki kwenye mifupa, na faida yake kubwa ni kuthibitisha kwamba ALP iliyopanda imetoka upande wa nyongo. Kijana anayerefuka huweza kuwa na ALP iliyozidi maradufu kiwango cha mtu mzima bila ugonjwa wowote, na mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho vivyo hivyo. Wote wawili wakiwa na GGT ya kawaida, hakuna sababu ya kuutafuta ugonjwa wa nyongo kwa ajili ya tarakimu hiyo peke yake.

Pamoja na vimeng'enya hivyo hupimwa bilirubini, ambayo si kimeng'enya bali ni rangi ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ini huisindika rangi hiyo na kuitoa kupitia nyongo, na ndiyo maana maabara huigawa katika sehemu mbili, ile ambayo haijasindikwa na ile iliyokwisha kusindikwa. Macho huanza kuonekana ya manjano bilirubini inapofikia takribani mara mbili ya kikomo cha kawaida au zaidi kidogo.

Kabla na wakati wa kutoa damu

Makosa mengi hutokea kabla damu haijaingia kwenye mashine. Mtu aliyeshinda akipalilia pamba au akibeba magunia ya mpunga kutoka mashamba ya umwagiliaji ya Mwanzugi huweza kuwa na AST iliyopanda, na hata ALT kwa kiasi, kwa sababu misuli iliyochoka nayo huachia vimeng'enya. Aliyechomwa sindano za msuli siku hizo huweza kuonyesha hali hiyo hiyo. Inafaa mgonjwa apumzike na kazi nzito kwa siku mbili au tatu kabla ya kupimwa, na kama hakupata nafasi hiyo, amweleze mtoa huduma.

Vimeng'enya havihitaji mfungo mkali, lakini mfuko wa nyongo hauonekani vizuri kwa altrasaundi mpaka mgonjwa akae bila chakula saa 6 hadi 8, kwa kuwa chakula, hasa chenye mafuta, huufanya mfuko ujikamue na kusinyaa. Mgonjwa anayetoka mbali, kwa mfano katika vijiji vya mbuga ya Wembere, ataokoa nauli akifika asubuhi kabla ya kula, akatoa damu na kupigwa altrasaundi siku hiyo hiyo, huku akiruhusiwa kunywa maji matupu.

Kwa upande wa mhudumu, damu isichukuliwe katika kichupa cha kizibo cha zambarau ambacho hutumika kwa picha nzima ya damu, kwa sababu dawa iliyomo hunyang'anya madini ya zinki na magnesi ambayo ALP huyahitaji, na matokeo yake huwa ya chini kwa uongo. Damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au iliyotikiswa safarini kwa pikipiki, hupasuka chembe nyekundu na kumwaga AST iliyomo ndani yake. Seramu, yaani maji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda, itenganishwe na chembe ndani ya saa 2, ihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikingwe na mwanga, kwa maana jua huivunja bilirubini.

Kuhesabu mara badala ya kutazama tarakimu tupu

Igunga iko kwenye barabara kuu inayotoka Singida kwenda Nzega, na si ajabu mgonjwa mmoja kubeba majibu ya Singida, ya Mwanza na ya Tabora katika bahasha moja. Majibu hayo hayawezi kulinganishwa tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa kila maabara ina mashine na mipaka yake. Njia salama ni kugawanya tokeo kwa kikomo cha juu kilichochapishwa kwenye karatasi ile ile, ili lipatikane jibu la mara ngapi limezidi. Kwa mfano, ALT ya 120 katika maabara yenye kikomo cha 40 ni mara 3.

Maabara nyingi huweka kikomo cha ALT na AST karibu na yuniti 40 kwa lita, cha ALP ya mtu mzima karibu na 130, na cha bilirubini yote karibu na maikromoli 21 kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 1.2 kwa desilita. Anayetaka kubadili miligramu kuwa maikromoli huzidisha kwa 17.1. Kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya B, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2024 linatumia kikomo cha ALT cha 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake, na kwa hiyo mwanamke mwenye virusi hivyo na ALT ya 35 asiambiwe kwamba yuko sawa kwa sababu tu karatasi haikuweka mshale. Kwa ujumla, ALT au AST iliyozidi chini ya mara 5 huhesabiwa kuwa imepanda kidogo, mara 5 hadi 15 imepanda kwa wastani, na zaidi ya hapo imepanda sana.

Ni ini au ni njia ya nyongo?

Swali la pili baada ya ukubwa wa tarakimu ni upande wa ugonjwa. Mgonjwa au mhudumu achukue mara za ALT, azigawe kwa mara za ALP. Jibu likiwa 5 au zaidi, seli za ini zenyewe ndizo zinazoumia. Likiwa 2 au chini yake, nyongo imezuiwa kupita. Likiwa katikati, pande zote mbili zimeguswa. Mgonjwa mwenye ALT ya 400 na ALP ya 130, kwa mipaka iliyotajwa juu, ana mara 10 kwa mara 1, yaani 10, na huyo hupelekwa kwanza kwenye vipimo vya virusi na kuulizwa kuhusu dawa na sumu. Mwenye ALT ya 80 na ALP ya 520 ana mara 2 kwa mara 4, yaani nusu, na huyo altrasaundi ndiyo itakayosema zaidi kuliko kipimo kingine chochote cha damu.

Wakati ini lenyewe linapoumia

Kipimo cha kwanza katika kundi hili ni cha homa ya ini aina ya B. Tanzania iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, na tangu 2009 imo katika chanjo ya pamoja ya magonjwa matano. Watu wazima waliozaliwa kabla ya 2002 hawakupata kinga hiyo utotoni, na hao ndio wengi miongoni mwa wanaogundulika leo, wakati mwingine baada ya kujitolea damu, kwani damu yote inayokusanywa hupimwa virusi hivyo. Katika ugonjwa mpya ALT huweza kupanda zaidi ya mara 10, wakati katika ugonjwa wa kudumu huweza kupanda na kushuka kwa miaka bila dalili. Kipimo kimoja cha kawaida, basi, hakitoshi kumwondoa mgonjwa katika ufuatiliaji.

Pombe, iwe gongo au wanzuki, huacha alama tofauti: AST huzidi ALT maradufu, na kwa kawaida AST haivuki 300 hata mgonjwa akiwa taabani. Mafuta yanayojilimbikiza katika ini la mwenye kisukari au unene huonyesha kinyume chake, ALT ikiizidi AST, na zote mbili zikipanda kidogo tu.

Dawa nazo ziulizwe moja moja. Kati ya dawa za kifua kikuu, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote huweza kuliumiza ini, na kwa kawaida matabibu huzisimamisha ALT inapozidi mara 3 pamoja na dalili kama kichefuchefu au manjano, au inapozidi mara 5 hata bila dalili. Mgonjwa anayeona macho yake yamebadilika rangi arudi kliniki siku hiyo hiyo ili uamuzi utolewe na tabibu, kwa sababu kuacha dawa kimya kimya huzaa kifua kikuu sugu. Mitishamba, unga wa mizizi na parasetamoli iliyozidi kipimo huhesabiwa hapa pia, na mgonjwa ataje kila alichokunywa, hata kama alikipata kwa mganga, maana tabibu asiyejua chanzo hawezi kukiondoa.

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, isisahauliwe katika wilaya ya wakulima. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, ilisababisha wagonjwa 317 na vifo 125, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Manjano na kujaa kwa tumbo vikiwapata watu kadhaa wa kaya moja kwa wakati mmoja, mhudumu aulize habari za ghala, asitishe matumizi ya nafaka hiyo, na atoe taarifa wilayani bila kusubiri majibu ya vimeng'enya.

Wakati nyongo inapozuiwa

Mawe ya nyongo ni punje ngumu zinazojiunda ndani ya mfuko wa nyongo, na watu wengi walio nayo hawaugui kamwe. Jiwe likiwa limetulia mfukoni, vimeng'enya vyote huwa vya kawaida. Hata mfuko unapovimba na kuuma sana chini ya mbavu za kulia, huenda ALT na ALP zisipande au zipande kidogo tu. Daktari hutegemea maumivu, homa, chembe nyeupe za damu na altrasaundi, na karatasi safi ya vimeng'enya isitumiwe kumrudisha nyumbani mgonjwa mwenye maumivu hayo.

Hali hubadilika jiwe linapotoka mfukoni na kuziba mrija mkuu wa nyongo. Katika saa za kwanza ALT na AST hupanda ghafla, wakati mwingine kupita 1,000, kiasi cha kudhaniwa kuwa homa kali ya ini, ilhali ALP haijasogea kwa sababu seli huhitaji siku moja au zaidi kuitengeneza kwa wingi. Jiwe likipita, ALT hushuka kwa kasi ndani ya siku chache. Likikwama, ALP, GGT na bilirubini iliyosindikwa huendelea kupanda, mkojo hugeuka rangi kama ya chai ya rangi na choo hupauka. Kwa hiyo ALT kubwa iliyotanguliwa na maumivu makali ya tumbo ipimwe tena baada ya siku mbili, na altrasaundi itazame kama mrija umepanuka kupita milimita 6 au 7. Minyoo mikubwa ya utumbo huweza kupanda ndani ya mrija na kuleta picha kama hiyo.

Mgonjwa wa selimundu huhitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa chembe zake nyekundu huvunjika mfululizo na rangi inayotokana nazo hujenga mawe tangu utotoni. AST yake huwa juu kidogo na bilirubini isiyosindikwa huwa juu kila siku, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida inayopaswa kuandikwa kwenye kadi anapokuwa mzima. Bilirubini iliyosindikwa ikipanda ghafla pamoja na ALP au GGT, mrija wake utafutwe jiwe. Sindano za seftriaksoni nazo huweza kuacha tope ndani ya mfuko wa nyongo, ambalo kwa kawaida huyeyuka baada ya dawa kukoma.

Manjano yanayoongezeka wiki baada ya wiki bila maumivu, kwa mtu wa umri mkubwa anayekonda, huashiria zaidi uvimbe wa kongosho au wa mrija kuliko jiwe, na mgonjwa huyo asipoteze miezi akibadilishiwa dawa za homa ya ini.

Vipimo vinavyoonyesha nguvu ya ini

Ini lililosinyaa, yaani lililojaa makovu, huweza kutoa ALT ya kawaida kwa sababu seli za kuumia zimebaki chache. Kichocho cha tumbo, kilichoenea hasa kando ya Ziwa Victoria na visiwani Ukerewe, huenda mbali zaidi: mayai ya minyoo hufunga mishipa ya damu inayoingia kwenye ini, mgonjwa akatapika damu nyingi, ilhali vimeng'enya vyake ni karibu na vya mtu mzima wa afya. Aliyewahi kuishi, kulima mpunga au kuvua huko aseme hivyo mapema.

Nguvu ya ini husomwa mahali pengine: albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, muda wa damu kuganda, bilirubini, na chembe sahani, ambazo hupungua wengu unapovimba. Kwa vituo visivyo na mashine maalumu ipo hesabu iitwayo APRI, inayopatikana kwa kuchukua mara za AST, kuzigawa kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu, na kuzidisha kwa 100. AST ya 80 yenye kikomo cha 40, pamoja na chembe sahani 100, hutoa 2. Kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, mwongozo wa mwaka 2024 huhesabu kinachozidi 0.5 kuwa dalili ya makovu yanayostahili dawa, na kinachozidi 1 kuwa dalili ya ini kusinyaa.

Kurudia vipimo

Kila kipimo kina mwendo wake wa kushuka. Nusu ya AST huondoka katika damu kwa takribani saa 17, nusu ya ALT kwa saa 47 hivi, na nusu ya ALP kwa siku kama tatu, wakati albumini huchukua karibu wiki tatu. Kumpima ALP kila asubuhi mgonjwa aliyetolewa jiwe jana ni kupoteza fedha, na albumini iliyo sawa haithibitishi kwamba ini halikudhurika wiki hii. Mgonjwa asiye na dalili, ambaye vimeng'enya vyake vimezidi chini ya mara 5, huweza kurudia baada ya wiki chache akiwa ameacha pombe na dawa zisizo za lazima. Tahadhari moja ni ya muhimu mno: ALT inayoporomoka huku bilirubini ikipanda na damu ikichelewa kuganda si nafuu, bali huweza kuwa ishara kwamba ini limekwisha kuharibika.

Dalili za kutosubiri

Rufaa itolewe siku hiyo hiyo kwa mwenye manjano pamoja na homa ya kutetemeka na maumivu ya upande wa kulia, maana ni maambukizi ndani ya mrija wa nyongo. Kwa anayechanganyikiwa, kusinzia mchana au kutokwa damu ovyo. Kwa anayetapika damu au kupata choo cheusi. Na kwa mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu ambaye AST au ALT imepanda na chembe sahani zimepungua, kwa sababu mimba yenye afya haipandishi vimeng'enya hivyo viwili. Mwenye manjano na homa apimwe pia malaria, ambayo ikiwa kali hupandisha bilirubini.

Wilayani Igunga njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya kwenda Hospitali ya Wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Nkinga, ambayo ni ya Kanisa la FPCT. Kutoka hapo mgonjwa huweza kuelekezwa Kitete mjini Tabora, Bugando jijini Mwanza au Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kabla ya kusafiri, kituo kinachompeleka kipige simu kuhakikisha kwamba upasuaji au uzibuaji wa mrija unaohitajika unapatikana kule aendako.

Fedha zikiwa chache, vipimo vinavyostahili kutangulia ni ALT, ALP, bilirubini katika sehemu zake mbili, chembe sahani, kipimo cha homa ya ini B na altrasaundi. AST huongezwa pale hesabu ya APRI inapohitajika, na GGT pale tu chanzo cha ALP kinapotiliwa shaka. Mgonjwa aweke daftari moja lenye tarehe, jina la maabara, tokeo, kikomo cha maabara hiyo na dawa alizokuwa akitumia wakati huo, akiliambatanisha na karatasi zote za zamani, kwa kuwa daktari anayeona mwenendo wa miezi sita hufikia uamuzi ulio bora kuliko anayeletewa tarakimu ya siku moja.